Saa Moja kwenye Mteremko wa Kilimambogo

Saida Abdulnasir wa Kamenu alikuwa amepima mashamba miaka kumi na mitatu, lakini ni mwaka wa 1996 alipopanda mlima wa Kilimambogo na mashine ya kupimia kwa setilaiti kwa mara ya kwanza. Aliyemwita ni Bedan, mkulima wa kahawa mteremkoni. Miaka kadhaa nyuma mvua ilikuwa imeporomosha udongo na kufukia bikoni, alama ya mpaka iliyotenganisha shamba lake na la jirani yake Wambua, na wazee hao walikuwa wameshatishiana kwa panga. Wapimaji wawili waliotangulia walishindwa kuvusha vipimo vyao juu ya korongo lililokata mteremko. Kila mmoja alitoa jibu lake.

Mwenzake Saida, Irshad wa Gitothua, alibaki bondeni na mashine ya kwanza, juu ya bikoni isiyokuwa na ubishi. Saida alisimamisha ya pili mteremkoni, juu ya msumari alioupigilia kwenye mwamba. Zote mbili zilitakiwa kupokea setilaiti zilezile saa nzima bila kuguswa. Mlima uliziba nusu ya anga. Setilaiti zilizopatikana zilikuwa nne tu. Zingepungua, kazi ingeharibika.

Dakika ya arobaini Wambua akatokea, panga mkononi.

"Toa hiyo kitu hapa."

"Mzee, bado dakika ishirini."

"Umeletwa na Bedan. Unafikiri sijui?"

Akainua buti kuipiga teke stendi ya mashine. Saida akaingia katikati.

"Ndiyo, ameniita yeye. Lakini ukiiangusha, mtaendelea kutishiana mpaka mmoja azikwe. Simama hapa uniangalie. Ukiona nimeichezea, ivunje."

Wambua akashusha mguu. Alisimama karibu sana, Saida akisikia pumzi zake. Kwenye kioo cha mashine, setilaiti nne zikawa tatu. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Kisha setilaiti nyingine ikachomoza nyuma ya kilele. Akaongeza dakika kumi kufidia zilizopotea, akiomba kimoyomoyo.

Kesho yake, baada ya hesabu kufanywa ofisini Ruiru, alirudi na Irshad, akavuta tepu mita sita na nusu kutoka kwenye ule msumari, akawaambia wazee wote wawili, "Chimbeni hapa."

Jembe likagonga saruji. Katikati yake kulikuwa na chuma cha mpaka, na kilikuwa ndani ya kahawa ya Bedan. Mistari miwili ya mibuni aliyoipanda kwa mikono yake ilikuwa kwenye ardhi ya Wambua.

"Madam, mimi ndiye nilikuita," Bedan alisema. "Pima tena."

"Hata nikipima mara kumi, mzee, hicho chuma hakitahama."

Bedan akaketi chini kwenye udongo. Wambua aliitazama mibuni ile, matawi yameinama kwa matunda mekundu.

"Vuna hizi, zimeiva," akasema hatimaye. "Za mwaka ujao ni zangu."

Akashika njia ya kwake. Saida alimpa Irshad kalamu, yeye akaanza kukunja tepu. Irshad akaandika ripoti palepale.