Meli Iliyobanwa na Barafu

Mume wangu alikuwa mpishi kwenye meli ya watafiti, na msimu ule walimpeleka bara la barafu, chini kabisa ya dunia, ambako kiangazi jua halichwi. Akaniuliza kwa simu ya setilaiti: ataswalije Magharibi na jua halizami? Tukakubaliana afuate saa za Dubai, nilikokuwa nikifanya kazi hotelini. Kila adhana ilipolia Al Nahda, mtaa niliokaa, nilijua naye anatandika mswala huko, jikoni, kati ya masufuria.

Halafu meli ikabanwa. Upepo uliisukuma barafu ikaizingira pande zote. Aliponieleza, nilisikia nyuma yake mlio mzito, kama mlango wa chuma unaoburutwa.

"Nini hicho?"

"Barafu inaugusa ubavu wa meli."

Inaugusa! Mtu akikukaba koo, utasema anakugusa?

"Na hao wataalamu wako wanasemaje?"

"Wamefurahi, wamepata muda wa kuchimba. Leo wametoa tope chini ya bahari, ndani yake mna mabaki ya majani. Zamani huku palikuwa na msitu, mke wangu. Msitu!"

Nilichukia. Mie nataka mume, yeye ananipa majani. Kabla sijamjibu simu ikakatika.

Siku zilizofuata hakupiga. Hotelini Al Barsha tulikatazwa simu kazini, kwa hiyo niliificha ndani ya soksi nikitandika vitanda vya wageni. Mwanamke wa Kenya niliyekaa naye chumba kimoja, askari wa ulinzi, alinituliza: "Dada, relax, hiyo meli ni chuma." Nikamwambia hata chuma huvunjika. Adhana ikilia nilisimama kuswali, ila sikujua tena kama mwenzangu yu hai. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Simu ilitetemeka nikisugua bafu la mgeni. Nikajifungia kwa ndani, kazi na iende zake.

"Tumetoka," akasema. "Upepo umegeuka, barafu imeachia."

Nikakaa ukingoni mwa bafu nikalia. Msimamizi akagonga mlango, "Yalla, yalla!" akinihimiza nitoke.

"Sasa unarudi nyumbani?"

Nikasikia sufuria likiwekwa mezani.

"Mwakani wanakuja tena kuutafuta ule msitu," akasema. "Wameniomba niwapikie. Nimeshawaambia ndiyo."