Mistari Mitatu ya Mashimo

Asubuhi ile Somoe alichemsha mihogo, akapika chai ya mchaichai, kisha akafunga mbegu za mahindi kwenye pindo la kanga yake. Mumewe, Shamte Mkopi, alikwishatangulia na jembe. Shamba lao la Mitole liko nyuma ya nyumba, ukivuka mikorosho tu. Walipanda kama walivyopanda miaka arobaini na moja: Shamte mbele anachimba mashimo, Somoe nyuma anadondosha punje tatu tatu, anafukia kwa unyayo. Shamte hakuwa na haja ya kugeuka. Alimsikia.

Alipoachwa mbali, Somoe alisema lile lake la kila mwaka.

"Baba Naima, unakimbizwa na nani?"

Shamte alipunguza mwendo. Jibu lake lilikuwa hilo siku zote.

Wiki haijaisha, Somoe alijilaza mchana kwa kuumwa kichwa, hakuamka tena. Majirani ndio waliomalizia kupanda.

Shamte hakuwahi kuwa na kazi nyingine. Ujanani alikwenda Dar es Salaam na wenzake kutafuta vibarua. Alilala siku moja, akarudi, akasema kuku hawana wa kuwafungulia. Watu walicheka, maana kuku wenyewe walikuwa wawili. Alikula sinia moja na mkewe na mabinti zake, na wanaume wa barazani wakamtania kwamba Shamte kaolewa. Yeye alinawa, akakaa mkekani, akamtolea miba ya samaki binti mdogo kuliko wote.

Sasa sinia limeegemezwa ukutani. Anakula kwenye bakuli.

Naima, binti yake mkubwa, yuko Rasbura, Lindi mjini. Mwaka huu, kupanda kulipokaribia tena, alimwambia baba yake ahamie kwake, chumba kipo. Shamte aliomba apande kwanza. Wakakubaliana hivyo: shamba likipandwa lote, anabaki; mvua zikishika nalo li tupu, Naima anakuja kumchukua. Hakusema kwa ukali. Aliogopa baba yake asije akafa peke yake.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake Shamte aliamkia shambani. Alichimba kwa mwendo wake ule ule, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliposimama kunyoosha mgongo, akageuka.

Mashimo yote yalikuwa wazi.

Mbegu zilikuwa jikoni, zinaning'inia ndani ya kipeto. Hakuzibeba. Maishani mwake hakuwahi kuzibeba.

Alikaa chini pale pale. Jirani yake Stephano alipita na baiskeli, akamwuliza kama mwaka huu anatega panya. Shamte akacheka kidogo, kwa adabu. Stephano akayatazama mashimo tena, akaelewa, utani ukamwisha. Akasema atamtuma mkewe aje adondoshe mbegu. Shamte alishukuru, akakataa. Hakuweza kumweleza kwamba hakutaka kusikia hatua za mtu mwingine nyuma yake.

Alirudi ndani. Nguo za Somoe zilikwishagawiwa, ikabaki kanga moja. Akafunga mbegu pindoni, akajifunga kiunoni. Barazani wangemwona wangepata la kusema.

Kazi ya wawili ikifanywa na mmoja haiendi. Anachimba, anainama, anahesabu punje tatu, anafukia, anasogea. Mstari mmoja ulimfikisha adhuhuri. Siku nyingine mvua ilimkuta katikati, akaendelea. Mara mbili alisimama akasikiliza, kisha akainama tena.

Siku ya kumi na moja, imebaki mistari miwili, Naima alipiga simu. Akamwamkia baba yake, akaitikiwa. Akauliza shamba limefika wapi, akaambiwa. Kisha akauliza ni nani anayemdondoshea mbegu.

Shamte aligeuka. Nyuma yake mashimo yote yalikuwa yamefukiwa, na juu ya kila moja pana unyayo wake.

"Nachimba, natia, nafukia. Polepole tu, mwanangu. Sikimbizwi na mtu."