Foleni ya Posho Iliyotaka Kumchagua Nyapara

Leo nusura nyapara achaguliwe na njaa.

Wenzangu wa kambi ya Changamwe, naibandika karatasi hii mlangoni kabla wengine hawajaanza kuigeuza hadithi.

Tulikuwa tunachagua msemaji wetu kwa bwana mkubwa. Nyapara alitaka vibarua tusipige kura, eti sisi ni watu wa siku moja. Siku yangu hiyo moja imefika miaka minne, na kwetu Kakamega nadhani wameshanisahau. Tukazunguka chumba kwa chumba wiki nzima tukikusanya sahihi, mpaka karani wa kambi akakubali nasi tupige kura.

Kura yenyewe ni kusimama nyuma ya umtakaye. Wetu ni Baya, kibarua mwenzetu.

Nyapara, aliyetaka usemaji huo huo, naye akaenda kusimama mlangoni mwa stoo ya posho.

Mstari wake ukawa mrefu kama gari la moshi! Nikawaona wale wale walioniapia vyumbani kwamba watamchagua Baya. Nikamkabili Otieno: "Hata wewe, ndugu yangu?"

"Mimi nini? Nangoja unga."

"Hii ni kura, bwana! Unga baadaye!"

Mstari mzima ukageuka na vikapu vyake, ukaja kwa Baya. Nyapara akabaki na shemeji yake, na shemeji huyo akamwuliza, "Kwani leo hamtoi unga?"

Nyapara akadai tuhesabiwe upya. Safari hii wapishi, ambao sisi wenyewe tulisahau kuwaita, wakaacha masufuria motoni wakaja kwetu.

Baya ndiye msemaji. Ugali umeungua.

Mwenye malalamiko aandike hapa chini, na aseme alisimama mstari gani.