Mbweha Asiye na Tundu

Ninayoandika hapa hakuna atakayeyaamini, na hata mimi nisingeyaamini kama yangetoka kwa mtu kama mimi. Lakini mwulizeni yeyote anayekaa kando ya mto wetu Adycha, huku kaskazini kwenye theluji, atawaambia: Okuulun, mjane wa kaka yangu, alimpiga mbweha kwa bunduki, na ngozi ya mbweha yule haikuwa na tundu. Sisemi lilikuwa dogo. Nasema halikuwepo. Okuulun mwenyewe amekaa upande wa pili wa jiko anashona viatu vya manyoya, na nadhani haangalii ninachoandika.

Okuulun ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Tangu kaka yangu afariki, yeye ndiye anayewinda katika msitu wetu, yeye ndiye anayechuna, yeye ndiye anayelainisha ngozi, na yeye ndiye anayeshona. Kwa bunduki mimi ni hodari kuliko yeye, hilo linajulikana, ila mguu wangu wa kushoto hukataa kutoka nje ikiingia baridi kali, nami si mtu wa kugombana na mguu.

Wawindaji wengine wakimwona mnyama hufikiria ataanguka vipi. Okuulun hufikiria kofia. Kila anachokiharibu msituni itabidi akitengeneze nyumbani kwa sindano, tena kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo kwake ushonaji unaanza pale anapochagua risasi. Anapenda zile ndogo za polepole, za madini laini, zenye kichwa mviringo, zisizovikwa shaba. Ukimwonyesha mwindaji wa mjini atacheka, atasema hizo ni za kupigia makopo. Nami nilicheka zamani, kabla sijaanza kusema kwamba nilimfundisha mimi.

Sasa, majira ya baridi yaliyopita, binti yake Kunnei alikuwa aolewe na Miitere, kijana wa kijiji cha chini ya mto. Bibi harusi huingia nyumba ya wakwe akiwa na kofia aliyoshonewa na mama yake, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mama yake Miitere ni Maappa. Maappa hushona kofia kuliko mwanamke yeyote wa upande huu, na analijua hilo. Akipewa kofia ya mtu mwingine huigeuza, hupuliza manyoya mpaka ngozi ionekane, kisha hutafuta mahali palipozibwa. Mkwe wake wa kwanza alikutwa na kiraka nyuma ya sikio. Ana watoto wanne leo, na Maappa bado anamwita Kiraka mbele ya wageni.

Walipokuja kupanga harusi, Maappa alikaa karibu na jiko letu, akala samaki wetu wa kugandishwa vipande viwili viwili, akasifu chai. Kisha akasema, kwa utamu, kwamba siku hizi kofia zote ni viraka vitupu, watu wanampiga mbweha kana kwamba ni dubu. Akamgeukia Okuulun.

"Lakini sikulaumu, mkwe. Macho nayo huchoka."

Okuulun, ambaye hajawahi kujisifu tangu nimfahamu, akaweka kikombe chini. "Kofia ya binti yangu itakuwa ya mbweha mzima. Ukipata tundu moja lililozibwa, mwite jina lolote unalotaka."

Kunnei akainamisha kichwa. Mama yake alikuwa amesema mbele ya moto, tena amemtaja mnyama kwa jina. Kwetu mtu akienda kuwinda husema anakwenda kuangalia kuni. Mbweha, kinywani mwa mwindaji, ni "yule wa mkia". Baianai, mwenye msitu, anasikia kila kitu kupitia moto, na hapendi watu wagawe mali yake kabla hajaitoa. Mimi nimejigamba maisha yangu yote, ndiyo maana hunipa sungura tu. Okuulun alikuwa ameweka akiba ya ukimya miaka na miaka, akaitumia yote kwa pumzi moja.

Basi mbweha wakatoweka. Siyo kwamba walikwisha. Walipita ng'ambo ya mto, kwa madaha, mchana kweupe, mahali ambapo risasi ya polepole haifiki na heshima yake. Okuulun aliwatazama kutoka ukingoni akarudi nyumbani na kuni za kweli. Sehemu ya juu ya kofia ilikuwa tayari, kitambaa chekundu, shanga na kila kitu, ila ukingo wake ulikuwa mtupu. Harusi ilikuwa inakaribia, na Kunnei alikuwa ameanza kusema hatahitaji kofia, atafunga kitambaa. Alisema hivyo akiwa amempa mama yake mgongo.

Miitere alipopata habari alikuja na pikipiki yake ya theluji. Ni kijana mzuri, mikono kama makoleo. Akaweka mezani pakiti ya risasi mpya za kasi, kila moja ina kitobo puani, pale kwenye ncha.

"Mama, hizi zinavuka mto. Yule wa mkia atakufa kabla hajasikia mlio."

Okuulun akaichukua moja, akaingiza ukucha katika kile kitobo. "Kinywa hiki kina njaa, mwanangu. Kitakula nyama, kisha kitakula na ngozi."

Miitere akacheka kwa adabu, akatoka. Alirudi kabla chai ya pili haijaiva, amebeba mbweha mkubwa, mwekundu kama kaa la moto. Ubavu wa kushoto ulikuwa na kitundu cha kuingiza punje ya mtama. Ubavu wa kulia haukuwepo. Niliingiza ngumi yangu pale ikapita, na ngumi yangu si ya mchezo. Kijana akabaki amesimama mlangoni kama mtu aliyevunja sahani ukweni.

Okuulun hakumgombeza. Akamchuna mbweha, akatandaza kilichobaki, akasema hapo kuna glavu za mtu mmoja na dole gumba la mwingine. Miitere akauliza, vipi zile zilizovikwa shaba yote, si hupita tu na kutokea? Akamwambia ndiyo, hupita vizuri kama zikikuta nyama tupu. Zikikuta mfupa, huusukuma mfupa, na mfupa ndio unaotokea upande wa pili, nao hauna adabu yoyote. Anayetaka ngozi anataka risasi inayoingia na kulala humo humo.

"Sasa hiyo ya kulala si lazima upige kwa karibu mno?" Miitere akauliza.

"Ndiyo bei yake," akasema Okuulun.

Asubuhi yake alipika chapati za maji. Ya kwanza akaipaka siagi, akaitia motoni kwa ajili ya Baianai kama tunavyofanya wote, lakini siku hiyo alichuchumaa pale muda mrefu mpaka ya pili ikaungua. Nilimsikia akisema, "Nilisema sana. Nimemaliza." Hakuomba kitu. Akachukua risasi zake za polepole akazitia katika kifuko cha ngozi anachokivaa kwapani, ndani kabisa ya nguo, maana baridi ya kwetu huifanya hata baruti iwe vivu, na risasi hiyo ikipoa hudondoka kama mavi ya farasi. Bunduki ilikuwa nje, chini ya paa, inakolala majira yote ya baridi. Ukiileta kwenye joto hutoka jasho, ukiirudisha nje jasho lile huganda ndani yake, na kifyatulio kinakuwa pambo. Akamwambia Kunnei anakwenda kuangalia kuni.

Najua mnataka kumfuata msituni. Subirini. Nianze na harusi, kwa sababu nilikuwepo na nilivaa vizuri.

Maappa alimpokea Kunnei mlangoni, akambusu, akamvua kofia. Akaigeuza. Akapuliza ukingo kuanzia kulia, taratibu, nukta kwa nukta, na wanawake wote wakaacha kutafuna. Akafika nyuma, akapuliza. Akarudi kushoto. Alipomaliza mzunguko akaanza tena, mpaka akashika mwimo wa mlango kwa kizunguzungu. Ngozi ya kichwa cha mbweha ilikuwa imelazwa katikati ya paji, masikio mawili yamesimama, na hapo alipuliza mara ya tatu.

"Mkwe," akasema mwisho, "huyu alikufa kwa nini? Uzee?"

"Kwa umbea," akajibu Okuulun. "Alisikia sauti isiyomhusu akaja kuangalia."

Maappa akamvisha Kunnei ile kofia kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga kamba chini ya kidevu, akayalaza manyoya, na kuanzia siku ile anamwita Kunnei kwa jina lake. Hata Kiraka alicheka siku ile, nilimwona.

Sasa msituni. Okuulun alilala kifudifudi ukingoni kwenye vichaka, upepo ukimjia usoni. Alivua glavu moja, akaweka midomo juu ya mgongo wa mkono, akafyonza hewa kidogo kidogo ili itoke sauti ya panya aliyenaswa chini ya theluji. Katika baridi ile midomo hushikana na ngozi, ukiibandua inatoka damu. Akafyonza, akanyamaza, akafyonza. Mpaka upande ule mwingine wa mto masikio mawili yakasimama.

Alijua anataka kupiga wapi. Jicho. Mbweha huzaliwa na tundu hilo, hakuna mshonaji anayeliziba, na risasi ya polepole ikiingia hapo haina nguvu ya kutokea kisogoni. Inalala. Na hapo ndipo, wapendwa, mbweha akiwa bado ng'ambo, hatua mia tatu kamili, upepo umegeuka, theluji inaanguka kama pamba, Okuulun akainua mtutu juu ya vilele vya misonobari, akafumba jicho moja, akafyatua, na ile risasi ndogo ikapanda, ikavuka mto, ikazunguka mti mmoja mnene, ikashuka taratibu kama bundi, ikamkuta mbweha ndiyo kwanza anageuza lile jicho la ku—

"Shemeji." Sindano ya Okuulun imesimama, amenyoosha shingo juu ya karatasi yangu. "Mia tatu wapi? Alivuka mto mzima akaja mpaka nikaona barafu kwenye masharubu yake. Kama ningempiga kule, risasi ile ingekuwa bado iko njiani. Futa hiyo. Andika kwamba nilisubiri."