Kipoozeo Kilichopasuka Mbele ya Wageni

Oili ya moto ilinirukia mkononi mbele ya kaka yangu wa damu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaomba radhi wageni.

Tulikuwa kiwanda kimoja. Yeye msimamizi, mimi mpimaji. Kazi yangu ilikuwa kufunga vipoozeo vya oili ya injini za magari kwenye mashine. Mashine inasukuma oili ya moto kwa presha, inapandisha, inashusha, inapandisha tena, mchana kutwa. Kisichovuja kinauzwa. Kinachopasuka kinapasukia nyuma ya kioo kinene cha kinga.

Siku hiyo walikuja wanunuzi. Kioo kilikuwa kimechafuka kwa oili, hawaoni vizuri.

Kaka akakisogeza pembeni.

Nikamnong'oneza kuwa kipoozeo kimeanza kutoa jasho la oili kwenye maungio, tushushe presha kwanza. Akanijibu huku anawachekea wageni.

"Usiniaibishe. Simama hapo hapo, pandisha."

Nikapandisha. Ni kaka, na ndiye aliyeniingiza pale.

Mlio sikuusikia. Niliona tu ngozi ya mkono inachomoka kama soksi.

Hospitali nililazwa mpaka nikazoea harufu yangu mwenyewe. Kaka hakukanyaga. Kiwandani alishasema kioo nilikitoa mimi, kwa kiherehere changu. Nikafukuzwa kazi nikiwa kitandani.

Kisha akaja mmoja wa wale wanunuzi, mama wa makamo. Alisema hapati usingizi. Kabla kipoozeo hakijapasuka, alimwomba kaka arudishe kioo kwa sababu nilikuwa karibu mno.

"Akaniambia, 'Huyo ni mdogo wangu, hana shida.'"

Alipoondoka nikampigia simu mama yetu. Nikamwaga yote, nikijua leo kaka atakiona cha moto.

Mama akajibu.

"Najua, mwanangu. Aliniambia siku ile ile. Mimi ndiye niliyemshauri aseme ni wewe. Mkono wako umeshaungua, haurudi. Na yeye akikosa kazi, mimi nitakula nini?"

Aliongea kwa upole, sauti ile ile aliyokuwa akinibembelezea nikiwa mdogo.

Nikakata simu.

Haya naandika kwa kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo nisamehe makosa.

Wewe unayesoma, kunyonya ziwa moja hakumzuii mtu kukuchoma. Ukiona hatari kazini, kaa mbali kwanza, hata kama anayekuamuru mlilala naye kitanda kimoja utotoni. Heshima utaitafuta ukiwa mzima.