Boksi la Mwalimu Mkuu

Mama Mifuko alipopiga hodi penye mgonjwa, watu walifunga kabati kwanza ndipo wakafungua mlango. Alikuwa amefagia wodi ya upasuaji mpaka akastaafu, na anajua mambo yalivyo: mtu akitolewa utumbo nje ya tumbo, hospitali humpa mifuko michache ya kubandika penye tundu ipokee haja, humpa na pole, kisha humwachia Mungu. Ikiisha, stoo inasema iliyobaki ni ya waliolazwa. Duka la dawa linasema njoo wiki ijayo, na wiki hiyo haijawahi kufika.

Basi akajipa kazi ya kukusanya mifuko ya waliopona na ya waliotangulia, akiwapelekea waliopungukiwa. Msibani alilia kuwashinda wafiwa, akafuta kamasi, kisha akamnong'oneza mjane kuhusu maboksi ya marehemu. Mzee mmoja alimkuta sebuleni kwake akamwambia bado anapumua, arudi siku nyingine.

Safari hii aliyepungukiwa alikuwa shemeji yake, Kinyozi, mume wa mdogo wake. Alikuwa akijibandika mfuko wa nailoni kwa plasta, nao unavuja akiinama, unavuja akikohoa. Akafunga kibanda chake cha kunyolea, akalala akitazama ukuta. Mama Mifuko alimtania weee, asijibu. Hapo ndipo alipoogopa. Shemeji asiyejibu utani anaelekea kaburini kwa miguu yake.

Mifuko ya saizi yake ilikuwa kwa mtu mmoja tu: Mwalimu Mkuu, ambaye utumbo wake ulikwisha kurudishwa ndani. Tatizo ni kwamba Mwalimu aliutangazia mtaa mzima kuwa alilazwa kwa ajili ya macho. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwalimu alikuwa na watoto wa kujaza darasa na bado anaficha.

"Mama," alimjibu, "mimi mifuko naijua ya saruji tu."

Ulimi ulimwasha Mama Mifuko, maana ndiye aliyempigia deki chini ya kitanda kule wodini. Lakini akaona kichwa cha Mwalimu: nywele zimesimama kila mmoja na msimamo wake, na kisogoni kuna kidonda. Hiyo ilikuwa kazi ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

"Sawa, Mwalimu. Ni kwamba Kinyozi wetu hafungui tena bila mifuko. Ndiyo imetoka hiyo, tutachinjwa ng'ambo sote."

Mwalimu alijipapasa kisogo.

Asubuhi boksi lilikuwa kizingitini kwa Mama Mifuko, limefungwa kwa gazeti. Jumamosi kibanda kikafunguliwa, na wa kwanza kitini alikuwa Mwalimu, akiihutubia foleni kuhusu maadili. Sasa, kinyozi akisimama kunyoa, tumbo lake huwa sawasawa na sikio la mteja. Na utumbo uliotolewa nje hauna kufuli. Mwalimu alipofika kwenye nidhamu, tumbo la Kinyozi likatoa hewa, ndefu, yenye madoido.

Mashine ikazimwa. Foleni ikatazama dari. Kinyozi akaanza kurudi nyuma, kuelekea mlangoni, kuelekea kitandani na ukuta wake. Mama Mifuko, aliyekuja kushuhudia, akashika kifua.

Mwalimu hakugeuza kichwa.

"Rudi unyoe," alisema. "Wangu ulikuwa ukimjibu mpaka mkaguzi wa shule."

Kisha mmoja kwenye foleni akauliza, "Kwani Mwalimu, si ulisema macho?"

"Wewe subiri zamu yako."

Kinyozi akawasha mashine.