Siku Niliyomjibia Mwenembago

Juzi nimepanda lori mpaka Maneromango, nikashuka na vumbi langu, nikateremka moja kwa moja bondeni kwenye chemchemi yetu. We, nilichokikuta! Majani yananifika vifundoni, mavi ya mbuzi kila mahali, maji yenyewe hayajai kata. Nikasimama pale nikacheka peke yangu, maana ndipo mahali nilipowahi kuwa shetani.

Enzi zile Mwingereza alikuwa na nchi yake, lakini chemchemi ilikuwa ya Mwenembago, mwenye msitu. Walisema ana mguu mmoja, nywele mpaka magotini, na hapendi kelele wala sufuria yenye masizi. Ukifika unatua mtungi, unapiga hodi. Kimya maana yake chota. Ukijibiwa, ujue mwenyewe yupo nyumbani: geuka, ondoka, usitazame nyuma.

Mimi nipo darasa la tatu, mdomo kama cherehani, na mwalimu wetu wa misheni kasema mambo hayo hayapo. Basi asubuhi moja nikatangulia, nikajibanza kichakani, kichwa ndani ya debe tupu. Bibi yangu akaja na wenzake, kaniki zimekazwa viunoni. Akaita, "Hodi, mwenyewe!"

Nikanguruma, "Karibuuu!"

Walivyotimua mbio! Mtungi mmoja ulivunjika, kanga moja ikabaki kwenye miiba. Mimi mbavu sina.

Kicheko kilikwisha jioni ileile, wanawake walipokubaliana chemchemi isiguswe mpaka mwenyewe aondoke. Kiangazi kikali, maji mengine yapo mtoni, kwenda na kurudi asubuhi nzima. Shingo yangu nusura iingie kifuani. Lakini kilichonichoma ni jirani yetu, mimba ya miezi minane, debe kichwani, anapanda kilima anahema kama mvukuto wa mhunzi. Siku ya tatu akakaa njiani, akashindwa kuinuka. Tukamshika mikono.

"Mwanangu," akaniambia, "huyo Mwenembago angejua nilivyochoka, angehama leo."

Nikamfuata bibi uani, anatwanga kisamvu. "Bibi, yule nilikuwa mimi."

Mchi ukasimama. Nikajiandaa kukimbia.

"Ulisema karibu?"

"Ndiyo, bibi."

"Anayekaribisha wageni ni mwenye nyumba. Na mwenye nyumba anafagia."

Kesho yake akanishika mkono, ufagio begani, akanipeleka mbele ya wanawake wote. "Mwenyewe huyu hapa, na leo anaanza kazi." Wengine walinuna, mwenye mtungi akanifinya sikio. Jirani yetu akacheka huku kashika tumbo, akanipigia goti. "Shikamoo, Mwenembago! Tunaomba maji."

Jina likanikaa. Nikafagia kila alfajiri kabla ya shule, naokota majani, nafukuza mbuzi, nawafokea wenye sufuria za masizi, mpaka nilipoolewa. Maji yale yalikuwa maangavu, unahesabu kokoto chini, na yana ladha ya mizizi mibichi. Siku moja nikamuuliza bibi, "Lakini yule mwenyewe hasa, yupo?"

"Wewe fagia. Akija akute pasafi."

Bibi hakuwahi kushika kalamu, na alitunza chemchemi kwa kumwogopa mtu ambaye hakuna aliyemwona. Ameshakwenda zake. Watoto wa pale wamesoma kunizidi, hawaogopi kitu, na maji wanayafuata mtoni.